WEMBE WA BABU
Jinsi ya Kuupima na Kuufufua Wembe wa Zamani

Bwana Mhariri aliponiandikia kuniomba habari kwa ajili ya kurasa zetu za Kiswahili, alisema, "Tuletee jambo unalolijua kwa mikono yako, si kwa kusikia." Nikafikiri sana. Mambo niyajuayo kwa mikono yangu ni machache, na moja katika hayo nililijua kwa kuliharibu kwanza. Basi nitawaeleza jambo hilo: jinsi ya kuupima wembe wa zamani, ule wa kukunja uliotumiwa na vinyozi, na jinsi ya kuurudishia makali yake.

Lugha yetu ina methali nyingi za wembe. Twasema, "Mwenzako akinyolewa, zako tia maji." Twasema, "Kinyozi hajinyoi." Na tena twasema, "Mtoto akililia wembe, mpe." Zote tatu zimo katika habari hii, na hiyo ya mwisho ilinipata mimi mwenyewe.

Nyembe Mbili Sandukuni

Babu yangu mzaa baba alikuwa kinyozi mjini Jinja. Alitoka pande za Mumias, Kenya, akafika Jinja mwaka 1950, wakati bwawa la Owen Falls lilipokuwa likijengwa. Kazi ile ilianza mwaka 1949, na bwawa likafunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili mwaka 1954. Watu wengi walikuja toka kila upande kutafuta kazi ya saruji na mawe, na kila mwenye kichwa huota nywele. Babu akatundika kioo katika shina la mwembe, akaweka kiti na beseni, naye akapata riziki yake. Alikuwa na nyembe mbili alizozinunua dukani, mmoja wa Sheffield, Uingereza, na mmoja wa Solingen, Ujerumani. Kwa nyembe hizo mbili aliwasomesha watoto watano.

Alipofariki, nyembe zilibaki kwa baba yangu katika sanduku la bati, zimefungwa katika kitambaa. Hakuna aliyezigusa kwa miaka mingi. Siku moja nilipomtembelea baba nilimwomba anipe, nizisafishe. Baba akanitazama, akacheka, akasema, "Mtoto akililia wembe, mpe. Lakini chukua mmoja kwanza. Ukiufanya vema, njoo uuchukue wa pili." Akanipa ule wa Sheffield.

Wembe Huu ni Kitu Gani?

Kabla ya kuendelea yafaa tujue majina ya viungo vyake. Upande mnene wa juu ni mgongo. Upande mwembamba wa chini ni makali. Sehemu pana iliyo kati ya mgongo na makali ni bapa. Nyuma ya bapa iko shingo, na mwisho wake ni mkia ambao kinyozi huukandamiza kwa kidole. Mpini una vibao viwili, na msumari mdogo wa shaba upitao katika vibao na shingo ndio bawaba yake. Wembe ukikunjwa, makali hulala katikati ya vibao, yasimdhuru mtu.

Bapa hutengenezwa kwa feleji, yaani chuma kilichochanganyika na kaboni kidogo, kama sehemu moja katika mia. Kaboni hiyo ndiyo inayoifanya feleji iweze kuwa ngumu. Fundi huipasha moto hata iwe nyekundu, huizamisha ghafula katika mafuta au maji, nayo huwa ngumu kama kioo, lakini huvunjika upesi. Kwa hiyo huipasha moto tena, safari hii kidogo tu, ili kupunguza ule ukali wa kuvunjika. Moto huu wa pili ni wa hesabu kamili. Ukizidi, ugumu wote hupotea. Kumbukeni jambo hili, maana ndilo lililonishinda.

Sheffield ilipata sifa katika feleji tangu miaka ya 1740, wakati mtengeneza saa mmoja jina lake Benjamin Huntsman alipogundua njia ya kuiyeyusha feleji katika vyungu vya udongo, ikawa safi na ya namna moja ndani na nje. Solingen nayo ilijulikana kwa panga na visu tangu zamani sana. Mafundi wa Solingen walisifiwa kwa nyembe zilizobonyea mashavu yote mawili, hata bapa likawa jembamba kama karatasi karibu na makali. Nyembe nyingi za zamani za Sheffield zilikuwa nene zaidi, umbo lake kama kabari.

Nyembe hizi zilitawala dunia mpaka Mmarekani mmoja, King C. Gillette, alipoleta wembe mdogo wa kutupwa, usiohitaji kunolewa. Mwaka wa kwanza wa kuuza, 1903, kampuni yake iliuza nyembe 51 tu na makali 168. Lakini katika Vita Kuu ya Kwanza askari wa Marekani walipewa nyembe hizo, wakazizoea, wakarudi nazo makwao. Tangu hapo wembe wa kukunja ukaanza kubaki kwa vinyozi peke yao.

Kosa Langu

Nilikuwa na mashine ya umeme yenye jiwe la kuzunguka, ninayotumia kunolea majembe na mapanga. Wembe wa Sheffield ulikuwa umejaa kutu. Nikaiwasha mashine, nikaulaza wembe juu ya jiwe. Katika dakika mbili kutu yote ilitoka, feleji ikang'aa kama kioo. Nikafurahi moyoni, nikasema, kazi hii ni rahisi kuliko nilivyodhani.

Ndipo nilipouona, kandokando ya makali, mstari wa rangi ya buluu, mzuri sana, kama shingo ya njiwa. Sikujua maana yake. Nikaunoa juu ya jiwe la mkono, ukakata unywele mmoja, kisha ukawa butu. Nikaunoa tena, ukawa butu tena. Nilifanya hivyo jioni sita. Mwisho nikamwuliza fundi mmoja mzee wa vyuma, akautazama mara moja tu, akanirudishia. "Umeupika," akasema.

Maana yake ni hii. Feleji safi ikipashwa moto hubadilika rangi. Karibu na digrii 220 za Selsiasi huwa ya manjano kama majani makavu. Karibu na digrii 300 huwa buluu. Makali ya wembe ni membamba mno, hayana mahali pa kuuficha moto, basi juu ya jiwe la mashine huifikia buluu kwa muda wa kupepesa macho. Na feleji ya wembe ikiisha kuwa buluu imelegea. Rangi yenyewe waweza kuifuta, lakini ulegevu unabaki ndani. Fundi hodari aweza kuifanya ngumu upya, lakini bapa jembamba namna ile hupinda kwa urahisi katika moto, na mara nyingi halirudi kuwa wembe.

Niliuficha wembe ule majuma matatu. Kisha nikaona aibu ya kuficha ni kubwa kuliko aibu ya kusema, nikaenda kwa baba nikamweleza yote. Baba aliushika akaupapasa kwa kidole gumba. Mikono yake hutetemeka sasa, maana umri wake umepita miaka 80. Akasema polepole, "Nilipoota ndevu mara ya kwanza, baba yangu alininyoa kwa wembe huu. Nilikuwa natumaini kunyolewa nao tena mara moja."

Sikuwa na la kujibu. Akafungua sanduku, akanipa ule wa Solingen. "Ndio uliobaki," akasema. "Safari hii tazama kwanza, ndipo uguse."

Basi wasomaji, yote nitakayosema tangu hapa ni maelezo ya maneno yale ya baba.

Kutazama Kwanza

Wembe wa zamani hupimwa kama vile daktari ampimavyo mgonjwa, kabla ya kumpa dawa. Mambo ya kutazama ni sita.

La kwanza ni kutu. Kutu nyekundu ni chuma kilichoungana na oksijeni ya hewa na maji, nayo yaendelea kula. Madoa meusi au ya kijivu yaliyo laini ni alama za uzee tu, hayadhuru. Usiulize kutu ni nyingi kiasi gani, uliza iko wapi. Kutu iliyo kwenye mgongo au katikati ya bapa ni uchafu wa kusafishwa. Kutu iliyochimba vishimo katika makali yenyewe ni ugonjwa, maana kila utakaponoa utakutana na kishimo kingine, na makali yatakuwa kama msumeno.

La pili ni ufa. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Pengo dogo katika makali laweza kuondolewa kwa kunoa, lakini ufa huendelea kupanda kuelekea mgongoni, na siku moja kipande huruka, labda usoni pa mtu. Ufa mwembamba hauonekani kwa macho. Njia ya kuutafuta ni ile iliyotumiwa zamani na mafundi wa reli kwa vyuma vyao: mafuta na chaki. Paka bapa mafuta ya taa, acha robo saa, kisha lifute likauke kabisa. Halafu nyunyiza unga mwembamba wa chaki. Kama upo ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka polepole na kuchora mstari mweusi katika unga mweupe. Wembe wenye ufa haunyoi tena. Usafishe, uuweke ukumbusho, basi.

La tatu ni umbo la makali. Uweke wembe juu ya kioo au meza iliyonyoka sawasawa. Makali yaliyonyoka ni mazuri. Makali yaliyotokeza kidogo katikati, kama tumbo la mtumbwi, pia ni mazuri, nyembe nyingi zilitengenezwa hivyo. Lakini makali yaliyobonyea kwa ndani ni alama ya kunolewa vibaya miaka mingi. Katikati hayatagusa jiwe wala ngozi, mpaka yanyoshwe upya.

La nne ni mgongo. Hapa wanafunzi wa hesabu watafurahi. Wembe ukinolewa, mgongo na makali hulala juu ya jiwe pamoja. Kwa hiyo mgongo ndio unaoamua pembe ya makali, mnoaji haamui kitu. Wembe wa Babu una upana wa milimita 17, na mgongo wake una unene wa milimita 4.8. Chora katika karatasi pembetatu iliyo kubwa mara kumi kuliko wembe, pande mbili ndefu milimita 170 kila moja, na upande mfupi milimita 48. Pima ile pembe ya ncha, utaona ni kama digrii 16. Hiyo ni pembe nzuri kwa kunyoa. Mgongo ukiisha kuliwa sana na jiwe, pembe hupungua, makali huwa membamba mno na kubomoka. Tena tazama kama mgongo umeliwa sawasawa pande zote mbili. Ukiliwa upande mmoja, wembe umekuwa kama mtu mwenye kiatu kimoja.

La tano ni mpini. Yapo mipini ya pembe ya ng'ombe au nyati, ya mfupa, ya mti, na ya pembe za ndovu. Pembe nyingi za ndovu zilipelekwa toka bara yetu mpaka Unguja katika karne ya 19, zikavuka bahari, na baadhi zikawa mipini ya visu na nyembe za Sheffield. Leo biashara ya pembe hizo baina ya nchi imekatazwa kwa mapatano ya mwaka 1989, basi ukiukuta mpini wa namna hiyo usiupeleke nje ya nchi bila kuuliza sheria. Mpini wa kuogopwa zaidi ni wa seluloidi, uliofanana na pembe au gamba la kasa. Seluloidi ikizeeka huoza, hutoa hewa ya asidi, na asidi hiyo huila feleji iliyofungwa ndani ya mpini. Tena huwaka moto upesi sana. Mpini kama huo ukinuka vikali na kupasuka-pasuka, utoe, usiuweke karibu na jiko wala taa.

La sita ni mhuri uliopigwa katika shingo. Mhuri hueleza mji na mtengenezaji, na pengine umri. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ilitaka bidhaa za nje ziandikwe jina la nchi zilikotoka, basi neno "Germany" au "England" chini ya jina la mji mara nyingi laonyesha wembe si mkubwa kuliko miaka ile.

Nilipomaliza kutazama niliandika katika daftari: kutu kwenye bapa, si kwenye makali, ufa hakuna, pengo moja dogo karibu na ncha, kama nusu milimita, makali yamenyoka, mgongo umeliwa kidogo, sawasawa, mpini wa pembe ya ng'ombe, mzima ila umekauka. Maneno hayo machache yalinipa moyo kuliko kazi yote niliyoifanya katika wembe wa kwanza.

Kusafisha

Jambo la kwanza katika kusafisha ni kuua makali. Pitisha makali mara moja, polepole, bila nguvu, juu ya kitako cha chupa. Wataka kuyanoa upya, basi huna hasara, nawe utaviokoa vidole vyako. Kisha ulaze wembe juu ya kibao, ili bapa lishikwe kwa chini lisipinde.

Paka mafuta mepesi ya mashine, uache usiku kucha. Asubuhi futa kwa kitambaa, sehemu kubwa ya kutu itatoka nayo. Iliyobaki iondoe kwa msasa mwembamba wa maji uliozungushiwa kizibo cha chupa, na mafuta kidogo juu yake. Anza na namba 400, kisha 600, kisha 1000, na ukipenda kung'aa, 2000. Sugua toka mgongo kuelekea makali na kupita nje, kamwe usirudi toka nje kuelekea makali. Usihamie namba nyingine mpaka mikwaruzo ya namba ya kwanza imekwisha. Kazi hii yachosha mkono, lakini feleji haipati joto, na hiyo ndiyo faida yake.

Watu wengine watakuambia utumie majivu na ndimu, kama tunavyosafisha vyungu vya shaba. Ndimu huondoa kutu kweli, lakini asidi yake haijui kutofautisha kutu na feleji. Ikikaa, huacha bapa la kijivu lenye vishimo. Siki ni vivyo hivyo.

Vile vishimo vidogo vilivyobaki katika bapa, mbali na makali, viache. Ukitaka kuviondoa vyote utaliondoa bapa pia. Mpini wa pembe upake mafuta kidogo siku mbili au tatu, utarudiwa na uhai. Usiuchemshe wala kuulowesha katika maji, utapinda.

Kunoa

Jiwe la seremala la kunolea patasi ni la kukwaruza mno. Wembe wataka mawe ya namna tatu au nne, toka namba 1000 la kuunda makali, kupita namba 4000 au 5000, mpaka 8000 au 12000 la kumalizia. Watu wa zamani walitumia mawe ya asili, na jiwe lililosifiwa sana lilikuwa lile la manjano lichimbwalo katika milima ya Ardennes, Ubelgiji.

Kwanza hakikisha jiwe limenyoka. Chora mistari ya penseli juu yake, lisugue juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo. Mistari ikifutika yote sawasawa, jiwe limenyoka.

Tia maji. Laza wembe, mgongo na makali vyote viguse jiwe. Sukuma makali yakitangulia, kana kwamba wataka kukata ngozi nyembamba ya jiwe. Mwishoni geuza wembe kwa kuuviringisha juu ya mgongo wake, usiuinue, urudi upande wa pili. Usikandamize. Uzito wa wembe wenyewe watosha. Kila unapokwenda, vuta wembe kidogo toka shingo mpaka ncha, ili sehemu zote za makali zipate haki yake.

Utajuaje kama jiwe lagusa mahali pote? Paka wino mweusi kandokando ya makali, kisha piga mara chache. Palipofutika pamegusa, palipobaki weusi hapajaguswa. Wino ulinionyesha kwamba karibu na shingo sikuwa nikifika kabisa.

Lile pengo la nusu milimita lilinichukua jioni nne juu ya jiwe la namba 1000. Ningalitumia mashine lingaliondoka kwa dakika moja. Nilikumbuka rangi ya buluu, nikaendelea kwa mkono.

Usitoke katika jiwe la kwanza mpaka makali yawe yamekamilika. Yashike chini ya taa, uyatazame kwa mbele. Makali butu hung'aa kama uzi mweupe. Makali makali hayaonekani. Mawe ya baadaye hayaongezi makali yasiyokuwapo, huyalainisha tu.

Ukanda

Baada ya jiwe huja ukanda wa ngozi. Huu wa Babu ulikuwa bado sandukuni, upande mmoja turubai na upande mmoja ngozi. Niliusafisha kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, nikaupaka mafuta ya mkono.

Katika ukanda mwendo ni kinyume cha jiwe. Mgongo hutangulia, makali hufuata. Ukisahau ukatanguliza makali utaukata ukanda na kuharibu kazi ya siku nyingi. Funga ncha moja ukutani, vuta ukanda unyoke, piga mara 20 au 30 katika turubai, kisha mara 50 katika ngozi. Hapa pia wembe hugeuzwa juu ya mgongo. Ukanda hauondoi feleji nyingi, wanyosha tu makali yaliyopinda kidogo. Ndiyo sababu vinyozi waliupiga ukanda kabla ya kila mteja, lakini jiwe walilitafuta mara chache tu.

Ukitaka kujaribu, usijaribu kwa kidole. Shika unywele mmoja, uuguse juu ya makali. Ukikatika bila kuvutwa, wembe u tayari.

Usafi

Jambo hili nawaambia vijana kwa mkazo. Zamani wembe mmoja ulipita vichwa vingi. Leo twajua kwamba damu kidogo isiyoonekana yaweza kupeleka ugonjwa wa ini wa namna ya B, na virusi vya UKIMWI, toka mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Kwa hiyo wembe uliokuwa wa mtu mwingine, hata wa babu yako, hapana budi kuoshwa kwa sabuni, kisha kusafishwa kwa spiriti, kabla ya kuugusisha uso. Dawa ya klorini huua vijidudu, lakini huila feleji. Baada ya hapo wembe uwe wa mtu mmoja peke yake. Ukienda kwa kinyozi, dai wembe mpya uliofunguliwa mbele yako.

Kila ukimaliza kunyoa, osha wembe, ukaushe vizuri, upake mafuta tone moja, na usiukunje ungali na maji. Maji yaliyosahauliwa ndani ya mpini yameua nyembe nyingi.

Siku ya Baba

Nilikwenda kwa baba Jumapili asubuhi. Kwanza nilijinyoa mwenyewe majuma mawili, ili mkono wangu uzoee. Nilijikata mara tatu, sioni haya kusema. Kisha nikausafisha tena kwa spiriti, nikaufunga katika kitambaa kile kile cha Babu.

Baba alikaa chini ya mti, mke wangu akaleta maji ya moto. Nikafunga ukanda katika nguzo ya baraza, nikaanza kuupiga. Baba alikuwa amefumba macho. Aliinua mkono mmoja, nikasimama.

"Piga tena," akasema.

Nikapiga tena.

"Ndiyo sauti yake. Nilikuwa naisikia toka kitandani."

Nikampaka povu, nikavuta ngozi ya shavu kwa vidole, nikaulaza wembe karibu na uso, kama theluthi ya pembe mraba, nikashuka nao polepole. Ulipita kama usiokuwapo. Nilipofika kooni, mkono wangu ulitaka kutetemeka kama wake. Baba akasema bila kufumbua macho, "Babu yako naye alinyolewa na kinyozi mwenzake. Kinyozi hajinyoi. Endelea tu." Nikaendelea mpaka mwisho. Hakukatwa hata mahali pamoja.

Wembe wa Solingen umebaki kwangu sasa, lakini ni wake mpaka atakaposema vingine. Ule wa Sheffield ninao pia. Sikuutupa. Nimeutundika ukutani karibu na mashine, mahali ambapo kila kijana anayekuja kwangu kunoa panga lazima auone. Akiniuliza kwa nini una rangi ya buluu, namweleza.

Nanyi wasomaji, wa shuleni na wa zamani, waulizeni wazee wenu kuna nini katika masanduku yao. Mkipewa wembe, utazameni kwanza. Na kwa kuwa mimi nimekwisha kunyolewa, ninyi zenu tieni maji.